Gazeti Linapoibiwa Jina Lake

Somo la kikundi: habari za uongo, na jinsi magazeti yanavyopambana nazo

Somo hili lisomwe kwa sauti mkutanoni. Msomaji akifika penye swali, asimame, watu wazungumze kwanza, halafu aendelee. Likiwa refu kwa siku moja, ligaweni mara mbili. Wenye simu wawe nazo karibu, zitahitajika.

Hebu tuanze na jambo ambalo vikundi vingi kati ya Otonglo na Maseno vimelikuta. Mkutano umekwisha, akiba imehesabiwa, mweka hazina amefunga kitabu. Mwanachama mmoja anatoa simu: "Jamani, mmeona gazeti la kesho?" Kwenye simu kuna picha ya ukurasa wa kwanza wa Daily Nation. Jina la gazeti lipo juu kama kawaida, tarehe ipo, bei ipo, na kichwa kikubwa cha habari kinasema mgombea fulani amejiondoa na sasa anamuunga mkono mwenzake. Kura ni keshokutwa. Kabla chai haijapoa habari imefika sokoni, watu wa bodaboda wameibeba hadi Kisian, na tayari kuna mtu anasema, "Basi hata mimi sijisumbui kwenda kupanga foleni."

Gazeti hilo halikuchapishwa na mtu yeyote. Kuna aliyeketi mahali, akachukua ukurasa wa kweli wa siku nyingine, akafuta kichwa cha habari na kuandika chake. Kazi ya muda mfupi tu. Kurasa za namna hiyo, zenye majina ya magazeti makubwa ya Nairobi, zilizunguka wakati wa uchaguzi wa 2017, na tena 2022. Angalieni mtu huyo ameiba nini. Ameiba jina. The Standard lilianza Mombasa mwaka 1902, Daily Nation likaanza 1960. Jina la miaka mingi hivyo watu hulisadiki kabla hawajasoma kilichoandikwa chini yake, na mwizi anajua.

Swali la kwanza: Katika kikundi chenu, nani amewahi kupokea ukurasa wa gazeti kwenye simu? Alijuaje kwamba ni wa kweli au si wa kweli?

UVUMI, KOSA, NA UONGO WA KUPANGWA

Watu wa magazeti wenyewe hawapendi sana kusema "habari feki". Mwaka 2018 shirika la UNESCO lilitoa kitabu cha kufundishia waandishi wa habari, na humo likaonya juu ya neno hilo. Sababu ni mbili. Kwanza, kitu kikiwa cha uongo si habari. Pili, wakubwa wengi duniani wamejifunza kulitumia kukana habari ya kweli inayowauma. Ukifichua wizi, unaambiwa, "Hiyo ni feki." Kwa hiyo ni vizuri tutenganishe mambo.

Kuna uvumi. Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini tarehe 13, watu sehemu za magharibi mwa Kenya waliamshwa usiku kwa simu. Ati mtoto mchanga amezaliwa, amesema watu wanywe chai ya rangi bila sukari na ugonjwa hautawapata. Majiko yakawashwa usiku wa manane. Aliyempigia dada yake hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Alimpenda, akaogopa. Na ona magazeti yalivyoishika habari ile: hayakuandika kwamba dawa imepatikana, yaliandika kwamba watu wameamshwa usiku kwa uvumi. Hayo ni mambo mawili mbali kabisa. Kwamba uvumi upo ni kweli, lakini unachosema uvumi si kweli.

Kuna kosa. Mwandishi amesikia vibaya, ameandika jina la kijiji kingine, amekosea hesabu. Hilo linarekebishika, na tutalirudia.

Halafu kuna uongo wa kupangwa, ambao mtu anajua ni uongo na anausambaza kwa faida. Wengine huufanya kama kibarua. Mwaka 2021 watafiti wa shirika la Mozilla waliongea na vijana wa Kenya wanaosambaza maneno ya kisiasa kwenye mtandao kwa malipo. Waliambiwa malipo ni kama dola 10 hadi 15, yapata shilingi elfu moja hadi elfu moja na mia sita kwa wakati ule. Kwa hiyo ukiona watu mia wanasema jambo moja kwa maneno yale yale asubuhi moja, usidhani mia hao wameona kitu. Huenda wamelipwa.

Wala tusidhani magazeti yenyewe ni malaika. Mwaka 1835 gazeti moja la New York, The Sun, liliandika mfululizo wa habari kwamba mwezini kumeonekana viumbe wenye mabawa kama popo. Watu wakanunua gazeti kweli kweli. Hiyo ya mwezi unaweza kuicheka. Ya Rwanda haichekeshi. Gazeti la Kangura lilichochea chuki dhidi ya Watutsi kabla ya mauaji ya kimbari ya 1994, na mwenye gazeti, Hassan Ngeze, alipatikana na hatia katika mahakama ya kimataifa ya Arusha mwaka 2003.

Na uongo waweza kutoka ofisini, umepigwa muhuri. Wazee wa Kisumu wanakumbuka Februari 1990. Dkt. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, mzaliwa wa Nyahera hapa hapa jirani, alitoweka nyumbani kwake Koru. Mwili wake ukapatikana Got Alila, umechomwa moto, na kichwani ana jeraha la risasi. Taarifa za kwanza za polisi zilidokeza kwamba alijiua. Mtu ajipige risasi, halafu ajichome? Watu walikataa, wakaingia barabarani. Serikali ikaleta wapelelezi kutoka Uingereza, nao wakasema aliuawa. Mpaka leo hakuna aliyetiwa hatiani. Hapa kuna somo la kusoma gazeti: likiandika "polisi wamesema", limekuhakikishia kwamba polisi wamesema, basi. Kama walichosema ni kweli, hiyo ni kazi nyingine, na gazeti zuri huifanya kazi hiyo ya pili pia.

Swali la pili: Tajeni uvumi mmoja, kosa moja na uongo wa kupangwa mmoja ambao umewahi kufika hapa kwetu. Upi ulileta hasara zaidi?

SANDUKU LENYE KUFULI TATU

Vikundi vyetu vinaelewa jambo moja kuliko watu wengi wenye shahada. Sanduku la akiba lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu. Kwa nini? Si kwa sababu mweka hazina ni mwizi. Ni kwa sababu hata mtu mwema hukosea, na hata mtu mwema hujaribiwa.

Gazeti linaloendeshwa vizuri limejengwa hivyo hivyo. Mwandishi analeta habari. Mhariri anamuuliza: Nani amekuambia? Wewe ulikuwepo? Kuna mtu wa pili, asiyemtegemea yule wa kwanza? Umempigia huyo unayemlaumu, amejibu nini? Karatasi iko wapi? Akipita hapo, kuna mhariri mwingine anayesoma lugha, majina na hesabu. Habari nzito huenda hata kwa wakili. Mwisho jina la mwandishi linawekwa juu ya habari, na mahali fulani kwenye gazeti kuna anwani ya kampuni. Ukiumizwa na habari hiyo unajua mlango wa kubisha.

Ule ukurasa wa kwenye simu umepitia kufuli ngapi? Hata moja. Ukikuletea hasara utamdai nani? "Nimetumiwa tu" si mtu, huwezi kumpeleka kwa chifu. Ndiyo sababu swali letu kubwa katika somo hili si "Je, habari hii yafanana na kweli?" maana uongo mzuri hufanana na kweli. Tuulize: nani atajibu kwa habari hii ikiwa ni uongo?

Wazee wetu walilijua hili. Miaka ya 1940 Jaramogi Oginga Odinga na wenzake walianzisha kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation kwa hisa za watu wa kawaida, yaani akiba kama hii yetu. Moja ya vitu kampuni hiyo ilivyofanya ni kuwa na mtambo wa kuchapa, na gazeti likachapwa. Walitaka habari yenye mwenyewe, ambaye wangeweza kumfuata mpaka mlangoni.

JINA LIKIISHAIBIWA

Basi magazeti hufanya nini yakiona ukurasa wa bandia? Hatua ya kwanza ni ya haraka na unaweza kuiona kwenye simu: wanachukua picha ile ile ya uongo, wanaigonga muhuri mwekundu wa neno FAKE, na kuiweka kwenye kurasa zao rasmi za mtandao, pengine pamoja na ukurasa wa kweli wa siku hiyo. Mashirika ya nje hufanya hivyo pia. Kabla ya kura ya Agosti 2017 ilizunguka video iliyotengenezwa ionekane ni taarifa ya BBC, na nyingine ya CNN, zote zikidai kwamba kura za maoni zimempa mgombea mmoja ushindi. BBC na CNN zikasema wazi kwamba hazikuzitengeneza. Mwaka huo huo kampuni za Portland na GeoPoll ziliwahoji Wakenya kwa simu, na tisa kati ya kila kumi wakasema wameona au wamesikia habari za uongo kuhusu uchaguzi.

Hatua ya pili ni watu wa kukagua. Wapo PesaCheck, waliopo tangu 2016, wapo Africa Check wenye ofisi Nairobi, wapo Piga Firimbi. Mwaka 2022 kulikuwa na ushirikiano ulioitwa Fumbua. Kazi yao haina uganga. Wanachukua ukurasa unaotiliwa shaka na kuulinganisha na ukurasa wa kweli wa tarehe ile. Wanatazama herufi: gazeti halibadilishi mwandiko wake kila siku, na mwigaji mara nyingi hukosea hapo, au huacha makosa ya tahajia ambayo mhariri yeyote angeyaona. Wanampigia mhariri. Ikiwa ni picha, wanaitafuta ilipotokea mara ya kwanza, na unakuta ile ambayo ati ilipigwa Kondele jana, kumbe ni ya nchi nyingine, miaka mitano iliyopita. Siku hizi kuna mashine zinazotengeneza hata sauti ya mtu na uso wake ukisema ambayo hakuyasema. Hapo kazi imekuwa ngumu, lakini maswali ni yale yale.

Lakini tusijidanganye, njia hii ina udhaifu. Uongo unabebwa na kila mtu, sahihisho linabebwa na wachache. Tena gazeti la kweli linauzwa, na siku hizi hata kwenye mtandao magazeti huwataka wasomaji walipe kusoma habari nyingi. Uongo ni wa bure, unakuja mpaka mlangoni. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo wenye magazeti hawajalifikiria vya kutosha. Mama anayeuza omena hawezi kununua gazeti kila siku ili ahakikishe picha aliyotumiwa. Ndipo kikundi kinapohitajika: nakala moja ya gazeti, au simu moja yenye mtandao, yatosha watu ishirini.

WAKATI WA KIMYA

Kuna jambo moja ambalo Kisumu imelilipia kwa damu. Uvumi hunenepa pale habari za kweli zinaponyamaza. Tarehe 30 Desemba 2007, baada ya matokeo ya urais kutangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu wakabaki na ujumbe mfupi wa simu, na ujumbe mwingi ulikuwa wa chuki na wa kutisha. Ikafikiriwa ujumbe mfupi uzimwe kabisa. Mkuu wa Safaricom wakati huo, Michael Joseph, akashauri vinginevyo, na kampuni ikatuma kwa wateja wake ujumbe wa kuomba utulivu.

Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa yalitoka yote na kichwa kimoja cha habari, maana yake: okoeni nchi yetu tunayoipenda. Hilo halikuwa limezoeleka, magazeti yanayoshindana kusema neno moja. Ilikuwa vema. Lakini waandishi wengine baadaye walisema, nami nakubaliana nao, kwamba kuomba amani hakukutosha. Watu walitaka kujua kura zao zimekwenda wapi, na swali hilo magazeti hayakulichimba vya kutosha. Tume ya Jaji Waki iliripoti Oktoba 2008 kwamba watu 1,133 walikufa katika ghasia zile, na ikazilaumu baadhi ya redio za lugha za mama kwa uchochezi.

Mwaka 2018, tarehe 30 Januari, siku ya kiapo cha Uhuru Park, Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Haya, siku hiyo nani aliongoza habari mitaani? Simu. Mkiona vyombo vya habari vimezimwa, shaka yenu juu ya kila ujumbe iongezeke mara mbili.

HESABU TATU TOFAUTI ZA KURA

Sasa tufike mahali ambapo wengi wetu tulikosana mwaka 2022. Kura ilikuwa tarehe 9 Agosti. Kituo kimoja cha televisheni kilionyesha mgombea mmoja anaongoza, kingine kikamwonyesha mwenzake. Mitaani watu wakasema, "Hawa wamenunuliwa, kila mmoja na wake." Je, walikuwa wanadanganya?

Fuateni polepole. Kila kituo cha kupigia kura kina fomu yake ya matokeo ya urais, iitwayo 34A. Vituo vilikuwa zaidi ya 46,000. Mwaka huo tume ya uchaguzi iliziweka picha za fomu hizo kwenye mtandao, kila mtu azione. Vyombo vya habari vikaweka vijana wa kuzisoma na kujumlisha, kila chombo kivyake. Sasa chukueni mfano wa kikundi chetu. Mwambieni katibu ajumlishe akiba kuanzia ukurasa wa kwanza wa kitabu, na mweka hazina aanzie ukurasa wa mwisho. Baada ya dakika kumi wasimamisheni. Hesabu zao zitalingana? Haziwezi kulingana, na hakuna mwizi hapo. Wakifika mwisho wote wawili, ndipo zilingane. Aliyeanza na fomu za Nyanza na aliyeanza na za Bonde la Ufa hawangekuwa na namba moja siku ya pili.

Kosa la vyombo vya habari halikuwa namba. Lilikuwa kutowaeleza watu vya kutosha jambo hili rahisi, na kisha, siku chache baadaye, kadhaa vikapunguza mwendo wa kujumlisha na vingine vikasimama, huku wananchi wanangoja. Kimya tena, na uvumi ukaingia kwa mlango uleule. Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti, na Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi tarehe 5 Septemba. Unaweza kuukubali uamuzi ule au kusononeka. Lakini fomu ya kituo chako ilikuwa imebandikwa mlangoni pa shule, na hakuna gazeti linaloweza kukupa habari iliyo karibu na chanzo kuliko karatasi ile. Kura ya 2027 ikifika, kila kikundi kichague watu wawili waende jioni wakaipige picha fomu ya kituo chao, halafu wailinganishe na ile ya kwenye mtandao. Hiyo ndiyo kazi ya mwandishi wa habari, na haihitaji cheti.

Swali la tatu: Fanyeni jaribio lile la kitabu cha akiba sasa hivi. Namba zilitofautiana kwa kiasi gani?

OKTOBA 2025

Wengine hawatapenda tuguse jambo hili mapema hivi, lakini lina funzo. Mwanzoni mwa Oktoba 2025 kulikuwa na uvumi mwingi juu ya afya ya Mheshimiwa Raila Odinga. Watu wake wa karibu wakatuliza: yuko India, anaendelea vizuri. Basi tarehe 15 asubuhi ujumbe ulipoanza kuingia kwamba amefariki, wengi hapa Kisumu walisema, "Ni wale wale wa juzi." Wengine waliwagombeza walioutuma. Na safari hii ilikuwa kweli.

Ulijuaje kwamba safari hii ni kweli? Tazameni tofauti. Ujumbe wa siku za nyuma haukuwa na mwenyewe. Wa tarehe 15 ulikuwa na mahali: jimbo la Kerala, hospitali yenye jina, polisi wa kule na watu wa hospitali walionukuliwa na vyombo vya habari vya India. Kisha Rais akalitangazia taifa siku hiyo hiyo. Kati ya ujumbe wa kwanza na tangazo yalipita masaa, na katika masaa hayo chombo cha habari kinachojiheshimu huandika kwa uangalifu, "kwa mujibu wa fulani", au hungoja. Kumtangaza mtu amekufa kabla familia haijathibitisha ni kosa lisilofutika. Jirani yetu anayepata habari za msiba wa mtoto wake kwenye kundi la WhatsApp kabla hajapigiwa na mtu wa nyumbani, anajua uchungu huo. Kungoja masaa mawili hakujamuua mtu.

GAZETI LIKIKOSEA, UNA HAKI

Watu wengi wa vijijini hufikiri gazeti likishaandika, limeandika. Hapana. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, sehemu ya pili, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari isiyo ya kweli au ya kupotosha inayomhusu. Pia kuna Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, na chini ya sheria ya 2013 kukawekwa Kamisheni ya kusikiliza malalamiko. Kanuni za waandishi zilizoambatana na sheria hiyo zilitaka kosa lisahihishwe mara linapogunduliwa. Tena kulikuwa na neno zuri sana ndani yake: sahihisho litoe habari iliyo sahihi, lisirudie lile kosa isipokuwa inapobidi ili watu waelewe.

Tukiliangalia vizuri, neno hilo latuhusu na sisi wa simu. Mara ngapi mtu anatuma uongo kwenye kundi akiandika juu yake, "Jamani hii si kweli, msiamini"? Amekwisha kuutuma. Mwingine atauchukua bila yale maneno ya juu. Andika iliyo kweli peke yake: "Mkutano wa chifu uko palepale, Alhamisi." Basi.

Ukitaka kulalamika, anza na barua kwa mhariri. Taja gazeti, tarehe, ukurasa, maneno yaliyokosewa, na iliyo sahihi. Usitukane. Weka nakala. Wasipojibu, nenda kwa Baraza. Kikundi kikiandika pamoja na kuweka sahihi za wanachama, barua ina uzito zaidi.

NA SANDUKU LETU JE?

Siasa si yote. Uongo unaovimaliza vikundi kimya kimya ni wa pesa. Jina la gazeti, la benki au la shirika la misaada linabandikwa juu ya tangazo: vikundi vya kina mama vitapewa ruzuku, vijana watapewa mikopo bila dhamana, jaza hapa, tuma ada ya usajili. Wakaguzi wa habari wanayakanusha matangazo ya namna hii mara kwa mara. Alama yake kubwa ni ileile: unaombwa utoe kabla ya kupewa, na unaharakishwa, "nafasi ni chache, mwisho leo saa sita." Mwenyekiti akiona hivyo asipige ile namba iliyo kwenye tangazo, maana atakayepokea ni yule yule. Atafute namba ya ofisi yenyewe kwa njia nyingine, au atume mtu aende kwa miguu. Pesa isitoke mpaka wenye funguo wote watatu wamesema wao wenyewe wameongea na ofisi.

Kazi ya kufanya kabla ya mkutano ujao. Chagueni mwanachama mmoja, kijana au mama, asiyependa haraka, awe mtunza habari wa kikundi, kama vile mna mtunza akiba. Anunue gazeti moja kwa wiki kwa pesa za kikundi, Taifa Leo au jingine mnalolielewa lugha yake. Ujumbe wowote wa kutisha au wa pesa upelekwe kwake kwanza. Awe na daftari lenye safu nne: ujumbe unasema nini, umetoka kwa nani, nani atajibu ukiwa uongo, tumegundua nini. Mwezi ukiisha asome daftari mbele ya wote, mkisha kusoma hesabu za akiba.

Maswali ya kumalizia. Kwenye simu zenu sasa hivi, tafuteni ujumbe mmoja uliotumwa mara nyingi ambao hakuna anayejua umetoka wapi: mnaweza kuufuata nyuma mpaka kwa mtu wa kwanza? Mmefika kwa mtu wa ngapi kabla ya kukwama? Na kama ingalikuwa lazima aliyeutuma kwenye kundi letu aweke shilingi mia mbili sandukuni kwanza, arudishiwe ukithibitika ni kweli, angeutuma?